Nilivyongoja Shikamoo Juu ya Uwanja wa Ndege

Wenzangu wa Miembeni, na nyinyi wa Kikwajuni mnaokuja kwangu kwa kisingizio cha kuazima kinu: habari ya safari yangu nimeshaisema barazani mpaka koo limekauka, na kila nikiisema mtu anaichukua kwake na kuirudisha imeota pembe. Juzi Darajani nimesikia kwamba ndege iliwaka moto nikauzima kwa maji ya kutawadhia. Moto haukuwako. Kwa hivyo naandika kwa mkono wangu, na makosa ya herufi mtayasamehe. Skuli niliiacha mapema, mama aliumwa na mimi ndiye mkubwa. Nilichojua baada ya hapo nimekijua kwa kuuza sambusa na kulea watoto, na watoto wa watoto.

Mmoja katika hao ni Zuhura, binti wa marehemu mwanangu Salma. Nimemchukua hajaota meno. Sasa anakaa juu ya ule mnara wa uwanja wa ndege, kule kwenye vioo, na ndege haitui Unguja mpaka yeye aiambie itue. Hili nimelisema harusini, hitimani na kwenye foleni ya hospitali. Nitalisema tena.

Kwenda: boti, basi na machungwa

Nilikwenda Tanga kwa sababu dada yangu Shinuna amepata kitukuu, na alitaka mtoto apewe jina na mimi nikiwepo. Zuhura alinisihi nipande ndege. Nikamwambia mimi miguu yangu imezoea kuwa chini. Nikaenda kwa njia ninayoijua, boti mpaka Dar es Salaam, halafu basi.

Kwenye boti nilikaa na bwana mmoja wa bara, kavaa suti, bahari anaiona kwa mara ya kwanza. Tulipofika penye mkondo akaushika mkono wangu akaubana. Nikamwambia, "Baba, huo mkono wangu."

"Samahani mama. Nilidhani ni wa kiti."

Marehemu mume wangu alinisema mengi maishani mwake, lakini hilo la kuwa sehemu ya kiti hakuwahi. Nilimpa ndimu anuse, akailamba, akaila na ganda lake, akalala. Tukaachana kwa wema.

Basi nalo likaharibika kabla ya Muheza. Utingo akasema tusishuke, ni jambo la dakika tu. Tukashuka, tukala mchana, tukasali adhuhuri, tukasali alasiri, utingo bado anasema dakika. Mimi sikuona hasara, maana tuliharibikia mbele ya wauza machungwa. Machungwa yale, wenzangu, hamjayala. Ukiyamenya maji yanakufuata mpaka kwenye kiwiko. Nikanunua gunia dogo, nikasema haya yanakwenda Unguja hata nikiyabeba kwa meno.

Tanga: Shinuna na mdomo wake

Siku ya kumpa mtoto jina nyumba ilijaa. Baada ya pilau, wanawake tumejinyoosha kwenye mikeka, nikawaeleza habari za Zuhura. Sikuongeza kitu. Nilisema ndege za Ulaya zinamwogopa, basi.

Shinuna akaweka gilasi chini. "Dada, tangu mtoto huyo apate kazi hatujapumzika. Hebu niambie, huko mnarani anafanya nini khasa? Anaadhini?"

Wakacheka. Kitukuu chenyewe cha siku saba kikacheka, au nilikiona hivyo.

"Anateremsha ndege," nikasema.

"Ndege ina rubani. Rubani ana macho. Huyo wako yupo pale kama pambo la mlangoni."

Hapo damu ikapanda. Nikasema mbele ya watu wote kwamba sirudi kwa basi. Nnarudi kwa ndege, na Zuhura mwenyewe, kwa sauti yake, ndiye atakayenishusha Unguja. Shinuna akajibu kwamba hilo likiwa, yeye atakuja mpaka Miembeni kumwomba mtoto radhi kwa magoti. Wanawake wakapiga vigelegele kama vile tumefunga ndoa.

Nikampigia simu Zuhura. Alifurahi mpaka akacheka. Halafu akasema, "Bibi, siku hiyo mimi niko zamu ya mchana. Nitakuteremsha kama yai."

Sasa mmeelewa nilikuwa nimebeba nini safari ile. Machungwa yalikuwa mzigo mdogo.

Uwanja wa Tanga: mizani

Hakuna mtu aliyeniambia kwamba ndege ndogo zinapima watu. Unapandishwa kwenye mizani na kikapu chako, watu wamekaa wanatazama, kama gunia la karafuu. Binti wa mizani akasoma kilo zangu kwa sauti.

"Pole pole, mwanangu," nikamwambia. "Haya si matangazo ya vifo."

Akasema mzigo umezidi, niache machungwa. Nikamwambia nitamwacha yeye. Tukabishana mpaka akatoka rubani mwenyewe, kijana mrefu, jina lake Deo, mtu wa Moshi, uso wake bado una chunusi. Akainama, "Shikamoo bibi." Akaitamka vizuri, taratibu, mpaka mwisho. Palepale nikamkubali. Nikampa chungwa.

Akalila, akafikiri, akasema machungwa yatakaa nyuma kabisa na mimi nitakaa mbele kabisa, karibu yake, ili ndege ikae sawa. Ndivyo nilivyojikuta kwenye kiti cha karibu na dereva, mbele yangu pana usukani wangu mwenyewe. Kwa wale wasiojua: ndege zile zina usukani wa pili. Sikujua ni wa nini. Nilidhani ni wa kujishikia.

"Bibi, usiguse chochote," Deo akasema.

"Mimi si mtoto mdogo."

Nikamweleza habari za Zuhura. Kumbe anamjua, sauti tu, uso hajauona. Akasema marubani wakisikia sauti ile ya mnara wa Unguja wanatulia. Nikamwomba na mimi niisikie. Akakuna kichwa, kisha akachukua vile vidude vya kuziba masikio, vyenye kimkono kinachokuja mdomoni, akanivisha juu ya mtandio. "Humu utatusikia. Ukitaka kusema na mimi, sema tu, nitakusikia."

Tulipokuwa tunaruka nikaushika usukani. Akaniondoa mkono kwa adabu. Nikaushika tena. Akaniondoa tena.

Pemba, na bwana mwenye kofia

Pemba tulitua, wengine wakashuka, wengine wakapanda. Mtu mmoja akaniletea halua ya Wete dirishani, imefungwa kwenye kikapu kidogo cha ukili, bado vuguvugu. Nyuma yangu akakaa bwana mmoja mnene mwenye kofia ya kiua nzuri sana, na alikuwa na maoni juu ya kila kitu: injini hii kelele zake si nzuri, rubani huyu mdogo, kwa nini mwanamke amekaa mbele.

"Mizani ndiyo iliyoamua," nikamwambia.

"Nimeona," akasema.

Nikamnyima halua.

Tulipoondoka Pemba nikaanza kuipenda ndege. Nungwi niliiona yote kwa mpigo mmoja, mahoteli yamejipanga ufukweni kama watu wanaongoja sinia la pilau. Tumbatu ikapita upande wa pili. Halafu bahari ikawa kijani, ikawa nyeupe, na mjini kukaanza kuonekana, minara ya misikiti, mapaa ya Ng'ambo yamebanana. Nikalitafuta bati langu jipya. Nadhani nililiona. Kama si langu, basi mwenye lile bati naye kapiga bati zuri.

Kule kusini, upande wa Chumbe, palikuwa na wingu jeusi limesimama. Ndege ikaanza kurukaruka kama gari kwenye mashimo. Nikaushika usukani. Safari hii Deo hakuniondoa mkono; alikuwa na kazi zake, anavuta hiki, anasukuma kile, macho kwenye uwanja. Na pale usukanini, chini ya kidole gumba changu, pana kitufe. Kimekaa pahala pake khasa, kama waliokitengeneza walikuja kwanza kunipima kidole.

Juu ya uwanja

Deo akasema maneno kwa Kiingereza. Kukawa na mkwaruzo masikioni, halafu sauti ikamjibu.

Kiingereza kile sikijui. Lakini sauti ile nimeitengeneza mimi, kwa uji wa mtama na asali wakati wa kikohozi. Zuhura. Yumo masikioni mwangu, na mimi nipo mawinguni, na anasema kama hakimu.

Sasa mimi niulizeni, wenzangu. Mtu anasikia sauti ya mjukuu wake, tena hajamwona wiki tatu, akae kimya kama kabati? Deo aliponyamaza na yeye Zuhura aliponyamaza, nikaona zamu imekuwa yangu. Nikajikaza kwa furaha, mikono imebana usukani, kidole gumba nacho kimebana pale kilipo.

"Mke mwenzangu," nikasema. Ndivyo ninavyomwita, tangu babu yake yuko hai. "Mke mwenzangu, hujambo? Ni mimi. Nimefika. Hali yako? Kazini hawajambo wote? Na yule mwenzio aliyekuwa anaumwa na jino? Ushakula? Ule mchuzi wa pweza niliokuachia uliupasha moto, au umeula wa baridi kama paka?"

Nikangoja.

Kimya. Hata mkwaruzo hakuna.

Deo alinitupia jicho, akatabasamu, akarudi kwenye kazi zake. Baadaye alisema alidhani nasema naye yeye, au najisemea mwenyewe, kama wanavyofanya watu wazima wakiwa na khofu. Na mimi nikafikiri hivi: nimemsalimu mtoto, nimemuuliza hali, lakini yeye hajasema shikamoo. Kama mtoto hajasema shikamoo, mimi siendelei. Hivyo ndivyo nilivyolea nyumba nzima. Mtoto akiingia mlangoni bila shikamoo nyuso zetu hazionani mpaka aiseme.

"Zamani ulikuwa na adabu," nikasema. "Ukubwa wa mnara umekuingia kichwani? Mimi nangoja."

Kimya.

"Nangoja. Sina haraka."

Na kweli sikuwa na haraka. Nilikuwa nimekaa vizuri, kidole kimetulia, tunateremka, uwanja unakuja mbele yetu kama mkeka mrefu uliotandikwa. Mara nikaona, juu ya mnara, taa nyekundu. Inawaka moja kwa moja, imeelekezwa kwetu, kali, inachoma macho mchana kweupe.

Moyo wangu ukalainika. Nikasema maskini mtoto, amezuiwa kusema kazini, ndiyo ananipungia kwa taa. Nikauachia usukani na mimi nimpungie.

Kidole kilipotoka, sauti ya Zuhura ikaingia masikioni kama mlango uliopigwa teke. Alikuwa anasema neno moja tu, analirudia. Deo alikuwa ameshaiona taa. Ndege ikalala upande wa kulia, mimi nikamwangukia, machungwa yakatoka nyuma kuja kutuona.

Na hapo ikapita. Kushoto kwetu, chini kidogo, ndege ya watalii, kubwa kama msikiti wa Ijumaa, inakwenda pale pale tulipokuwa tunakwenda sisi. Nililiona tumbo lake. Niliyaona magurudumu yameshatolewa. Niliyaona madirisha, na kwenye dirisha moja mzungu ameinua simu anatupiga picha, anadhani tumo katika matembezi aliyoyalipia. Kelele zake zilikuja baada yake, zikatutikisa meno.

Nikapiga shahada. Bwana mwenye kofia akaipiga kwa nguvu kunishinda, na kofia yake ikawa imekuja kukaa mapajani mwangu.

Ndege ile kubwa nayo ikainuka bila kutua, ikaenda zake kuzunguka. Zuhura akawa anasema na wote wawili, taratibu, hata sauti haipandi, kama anavyosema akimpa mtoto dawa chungu. Tulizunguka juu ya bahari. Tulipogeuka, lile wingu la Chumbe lilikuwa limeshaufunika uwanja, hakuonekani kitu. Deo akasema tunakwenda Dar es Salaam. Hakusema kingine. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye chunusi.

Dar es Salaam, ambako sikukusudia

Tuliposhuka, bwana mwenye kofia akasimama katikati ya watu na kuanza kuhutubia.

"Tumeponea hapa," akasema, anaonesha ncha ya kidole. "Yule mwanamke wa mnarani alikuwa amelala. Ndege mbili kwenye njia moja. Alikuwa amelala, nawaambia."

"Baba," nikasema, "huyo unayemsema ni mjukuu wangu."

"Basi mjukuu wako alikuwa amelala."

"Mjukuu wangu hata akilala anaona kuliko wewe uliye macho. Na hilo chungwa unalokula ni langu. Rudisha."

Alikuwa ameliokota sakafuni, ameshafika nusu. Akalirudisha, nusu ile. Nililipokea, si kwa njaa.

Lakini nilipokaa peke yangu pale kwenye viti vya chuma, maneno yake yakaanza kunitafuna. Nilimsemesha Zuhura, hakujibu. Zuhura ninayemjua mimi atasema shikamoo hata akiwa anang'olewa jino. Kama hakujibu, alikuwa wapi? Labda kweli aliinuka kitini. Labda alisinzia. Nikampigia simu, imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikamwona Shinuna mawazoni na gilasi yake, anauliza kama aliadhini vizuri.

Deo alikuwa pembeni, simu sikioni, anajibu ndiyo mkuu, ndiyo mkuu. Alipomaliza akanijia.

"Bibi, kapumzike. Tutakuja kuongea."

"Unaumwa?"

"Hapana, bibi."

Nikampa chungwa. Hakulila. Nikajua anaumwa.

Boti ya kurudi, na habari za mke mwenza

Nililala Ilala kwa mtoto wa ndugu yangu, na asubuhi nikapanda boti ya kwanza. Deo yeye alisema atarudi na ndege kukipambazuka. Ndege sikutaka kuisikia.

Mbele yangu walikaa wanawake wawili wa mjini, wamejipaka wanja mapema. Mmoja ana shemeji yake anayefanya kazi uwanjani, kwa hivyo anajua yote.

"Ni mambo ya uke wenza, shoga yangu," akasema. "Yule msichana wa mnarani kaolewa kwa siri. Mke mkubwa kapata habari, kapanda ndege, kamvizia hewani. Kamtukana kwenye redio, ndege zote zinasikia. Msichana kachanganyikiwa, ndege mbili zikakosana hivi."

"Kwa ajili ya mwanamume?"

"Na mchuzi wa pweza. Sijui mchuzi umeingiaje, lakini umo."

"Wamemfukuza?"

"Leo mchana wanamwita. Hana kazi yule."

Mimi nimekaa nyuma yao na gunia langu. Nilisikia mchuzi wa pweza, wenzangu, na bado sikuelewa. Mtu hajitafuti mwenyewe katika umbea. Nilichokisikia ni kwamba mtoto hana kazi, na kwamba anasingiziwa mume. Nikainama katikati ya vichwa vyao.

"Huyo msichana hajaolewa," nikasema. "Na mumewe akipatikana, nyinyi hamtaalikwa."

Miembeni, kisha uwanjani

Nilimkuta Zuhura ukumbini, anachambua mchele. Sare yake nyeupe imetundikwa mlangoni, imepigwa pasi, haina mtu.

"Shikamoo bibi."

Nilitaka kumkasirikia. Nilipomwona macho yamevimba nikaitikia tu. "Wamekufanyaje?"

"Wameniweka kando mpaka wasikilize."

"Wasikilize nini?"

"Sauti. Mazungumzo yote ya mnarani yananaswa kwenye mashine." Akapeperusha makapi ya mchele. "Saa nane wananiita. Bibi, kunywa chai."

"Ulikuwa umelala?"

"Hapana."

"Ulikuwa wapi nilipokusemesha?"

Akanisogezea kikombe. "Kunywa chai, bibi. Imepoa."

Sikunywa. Nilivaa buibui langu la Ijumaa, nikabeba machungwa ya mfuko mmoja, maana mtu haendi ofisini kwa watu mikono mitupu, nikamwambia tunakwenda wote. Akasema hairuhusiwi. Nikamwambia na aje huyo asiyeruhusu.

Aliyekuwapo ni Bwana Haji, mkubwa wao, mtu wa makamo, miwani kwenye paji la uso. Deo naye yupo, kakaa kwenye ncha ya kiti. Nikaingia nikaanza kabla sijakaa. Nikasema mtoto huyu nimemlea mimi, hasinzii, hana mume wa siri, na kama kuna mwanamke aliyemtukana hewani basi mwanamke huyo aletwe hapa mbele yangu, nimjue, nimweleze.

Bwana Haji akaishusha miwani machoni. "Bi Rukia, hata sisi tunamtafuta. Zuhura tumemuuliza sauti ni ya nani, anasema haijui. Hebu sikiliza, labda wewe utatusaidia."

Akabonyeza mashine.

Kwanza alikuja Deo, na Kiingereza chake. Halafu Zuhura. Halafu, humo ofisini, kwa sauti pana iliyojaa raha, nikajisikia nikisema: *Mke mwenzangu, hujambo?*

Wenzangu, nimezaa bila kulia. Nimezika mume na mtoto. Lakini kukaa kwenye kiti cha ofisi na kujisikia mwenyewe ukiuliza habari za pweza, hilo sikuwahi kutayarishwa. Nikauliza ya jino la mwenziwe. Nikauliza ya paka. Nikasema *nangoja*. Ikaja ngurumo ya injini, ndefu. Nikasema *nangoja, sina haraka*. Bwana Haji alikuwa anatazama dari na mabega yanamtikisika.

"Rubani wa ile ndege kubwa ni mgeni," akasema alipoweza. "Ameandika kwamba alisikia mwanamke akisoma dua ya mwisho, akaogopa sana."

Ndipo akanieleza, polepole, bila kunidharau. Kile kitufe ukikibonyeza wewe unasema, na maadamu unasema husikii. Wala ndege yako haisikii, wala wengine hawasikilizani. Zuhura alikuwa anamwambia Deo asije, akae pembeni, ile kubwa imekaribia. Aliiambia na ile kubwa iinuke. Alisema wee. Kote alikokwenda alinikuta mimi nimekaa mlangoni, nangoja shikamoo. Na shikamoo haikuwa na pa kupita.

"Akaichukua ile taa ya mkono," Bwana Haji akasema. "Ipo ukutani kwa siku redio ikifa. Wengi wetu tunaifuta vumbi tu. Akaishika, akawamulika nyinyi kwa nyekundu, yaani msitue. Wewe ulipoachia kitufe, akapata nafasi ya neno moja kwa kila ndege. Imetosha."

Deo akajikohoza. "Mkuu, vile vya masikioni nilimpa mimi. Nilikuja kusema hivyo."

Nikamgeukia Zuhura. "Uliijua sauti."

"Tangu neno la kwanza, bibi."

"Na ukawaambia huijui."

"Nilidhani watakupeleka polisi. Au watakukataza ndege, na wewe umeshawaambia watu wote kwamba mimi ndiye nitakayekushusha." Akainamisha kichwa. "Nikaona mimi nitapata kazi nyengine."

"Ulisema hunijui," nikasema. "Mimi."

"Nilisema siijui sauti."

"Sauti iliyokubembeleza."

Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, pua inamtoka kama alipokuwa mdogo, na mimi nikatoa kanga yangu nikamfuta mbele ya mkubwa wake, maana sare alikuwa hajaivaa bado na kwangu alikuwa mtoto tu. Halafu nikamwambia Bwana Haji aandike: sauti ni yangu, kidole ni changu, pweza ni wangu. Aandike jina langu kamili. Mtoto airudie sare yake.

Aliandika. Aliandika huku akila chungwa, na maji yakamfuata mpaka kwenye kiwiko. Zuhura alirudi mnarani baada ya siku chache. Deo aliwekwa chini kidogo, harushi ndege, akasomeshwa upya mambo ya abiria wa mbele. Na mimi nikapewa hukumu yangu hapo hapo: ndege nipande nitakavyo, lakini nyuma.

Juzi, kiti cha mwisho

Shinuna aliposikia habari ya ile taa alikubali kutimiza neno lake, ila alisema haji Unguja peke yake kwa kitu kinachoruka. Ikabidi nimfuate Tanga. Alipoona tunapimwa kilo alitaka kurudi nyumbani. Tulikaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mizigo, kilichopo mbele yangu ni mgongo wa mtu. Rubani ni Deo, amerudi, chunusi zimepungua.

Njia nzima Shinuna alifumba macho na kuninong'oneza niape kwamba Zuhura yuko kazini. Nikamwapia. Tulipoliacha bati langu nyuma na kuanza kuteremka, Deo akageuza kichwa, akapaza sauti mpaka nyuma:

"Bi Rukia, mnara unasema shikamoo."

Abiria wote wakageuka. Shinuna akafungua jicho moja.

Nikaichukua mikono yangu miwili nikaikalia.

"Mwambie marahaba," nikasema. "Lakini kwanza atushushe."